Saladi ya rangi kutoka Asia: mwongozo kamili wa kuotesha mizuna, haradali nyekundu na wenzao bustanini

Chukua jani la haradali nyekundu lenye ukubwa wa kiganja, uligeuze. Juu ni damu ya mzee iliyokoza, chini ni kijani cha kawaida. Litumbukize kwenye maji yanayochemka na wekundu wote utakimbilia majini, ubaki na jani la kijani kama majani mengine. Rangi ile imekaa juujuu, kwenye ngozi ya jani, na inayeyuka majini. Mmea huitengeneza unapopata jua la kutosha na ubaridi kidogo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kugawana pakiti moja ya mbegu, mmoja akavuna zambarau tupu na mwenzake akavuna majani ya kijani yenye madoa kama ya kutu.

Mimi nilikuwa huyo wa pili, na kwa muda mrefu nililaumu mbegu. Nilibadilisha aina baada ya aina, kumbe tuta langu lilikuwa chini ya mti na nilikuwa nalilisha samadi kama mahindi. Kwa hiyo kabla hujashika jembe, weka hili akilini: jua, ubaridi na chakula cha wastani huleta rangi, kivuli, maji mengi na mbolea nyingi huleta ulaini. Saladi nzuri inataka vyote viwili, rangi na ulaini. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ni namna ya kupatanisha pande hizo mbili.

Hatua ya 1: Jua unapanda nini

Pakiti nyingi huandikwa "mchanganyiko wa saladi ya Asia" na kuachia hapo. Afadhali ujue ukoo wa kila mmoja, maana tabia hufuata ukoo.

Kundi kubwa ni la jamii ya kabichi, nalo limegawanyika katika spishi mbili. Ya kwanza ni *Brassica rapa*. Humo wamo mizuna, mibuna, komatsuna, tatsoi na chainizi (ile wengine huiita pak choi), pamoja na tanipu ambayo ni ndugu yao wa mizizi. Ya pili ni *Brassica juncea*, yaani haradali za majani. Spishi ya kwanza ina ladha ya upole. Ya pili inawasha.

Mizuna ndiyo ya kuanzia. Jina lake ni la Kijapani: *mizu* ni maji, *na* ni mboga za majani, nayo inahusishwa sana na mji wa Kyoto. Majani yake yamechanwa kama manyoya, huota upesi, na husamehe makosa mengi ya mkulima mgeni. Iko ya kijani na iko yenye vikonyo vya zambarau. Mibuna ni ya huko huko Kyoto, ila majani yake ni marefu na membamba bila michano. Komatsuna imechukua jina la Komatsugawa, upande wa mashariki wa Tokyo. Ile ya rangi nyekundu ina majani mapana na ladha iliyo katikati ya spinachi na kabichi.

Tatsoi haina wekundu wowote, lakini usiiache. Majani yake ni kama vijiko, kijani kilichokoza hadi karibu na weusi, yamepangwa mviringo chini kabisa kwenye udongo. Ni mmea mzuri kuutazama hata kabla ya kuula. Saladi ya majani mekundu peke yake huonekana kama imechakaa. Ni weusi ule wa tatsoi unaofanya wekundu uonekane.

Haradali ndizo zenye rangi kali. 'Red Giant' na 'Osaka Purple' zina majani mapana yenye mikunjo. 'Ruby Streaks' ina majani yaliyochanwachanwa ya zambarau, na mara kwa mara huuzwa kwa jina la mizuna nyekundu. Ukitaka kujua ukweli tafuna jani moja: likipanda puani ni haradali. 'Golden Frills' ni ya kijani cha manjano, na ukiiweka kando ya hizo za zambarau sinia zima huchangamka.

Halafu kuna wasio wa ukoo huu. Shungiku ni jamii ya alizeti, ina harufu inayokumbusha maua ya krisanthemamu, na watu huipenda au kuikataa moja kwa moja. Shiso nyekundu ni jamii ya nanaa. Mchicha mwekundu wa *Amaranthus tricolor* na nderema ya shina jekundu ni mimea ya joto, na wekundu wao ni wa aina nyingine kabisa: kwenye haradali ni anthosianini, kwa hawa ni betalaini, ileile iliyo kwenye kiazisukari chekundu cha saladi. Tofauti hiyo ina faida bustanini, nitaifikia kwenye hatua ya joto.

Kwa mara ya kwanza chukua nne tu: mizuna, tatsoi, haradali moja pana na haradali moja ya kuchanwa. Ukizimudu hizo, ongeza.

Hatua ya 2: Chagua msimu kabla ya kuchagua mahali

Mimea hii ya jamii ya kabichi inapenda hewa ya nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Ikizidi 25 kwa siku nyingi mfululizo, mambo matatu hutokea pamoja: rangi hupauka, ladha hugeuka kali au chungu, na mmea huanza kurefuka kutafuta maua. Hakuna mbolea wala dawa ya kurekebisha hapo.

Kwenye nchi zenye majira manne, wakati bora ni mwishoni mwa kiangazi kuelekea baridi, si mwanzoni mwa majira ya kuchipua kama wengi wanavyodhani. Sababu ni kwamba siku zinazorefuka huiambia mimea hii itoe maua, na siku zinazofupika huiacha itulie kwenye majani. Tatsoi na mizuna huvumilia hata jalidi, na haradali zilizokomaa hupata rangi nzito zaidi baada ya usiku wa baridi.

Chainizi ina mtego wake. Miche yake ikipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa wiki kadhaa ikiwa bado midogo, huhesabu kwamba imeshapita msimu wa baridi. Joto likirudi tu, inatoa maua. Ukiisia wakati wa baridi, iwekee kifuniko.

Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana, kwa hiyo kinachoamua ni joto. Mwinuko hapo ni baraka. Aliye sehemu za juu anaweza kuotesha karibu mwaka mzima. Aliye sehemu za chini asubiri miezi ya ubaridi, na miezi mingine ageukie mchicha mwekundu na nderema.

Hatua ya 3: Mahali na udongo

Tafuta mahali panapopata jua kwa muda wa saa 5 au 6 kila siku, ikiwezekana lile la asubuhi. Jua la alasiri ndilo linalochoma na kunyausha.

Udongo uwe wenye rutuba, unaoshika maji bila kutuamisha, wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 6 na 7. Mizizi ya mimea hii haiendi mbali, hivyo kazi yote iko kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu. Changanya ndoo moja ya lita 10 ya mboji iliyoiva kwa kila mita moja ya mraba, vunja mabonge, sawazisha kwa reki. Baada ya hapo usikanyage tuta. Fanya tuta lisizidi upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili.

Kuhusu samadi nina ukali kidogo. Haya ni majani ya kuliwa mabichi, yanayogusa udongo, yanayovunwa ndani ya wiki nne. Samadi mbichi haina nafasi hapa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na kwa zao la siku 30 maana yake ni kwamba samadi hiyo iliwekwa muda mrefu kabla mbegu haijafikiriwa. Tumia iliyooza vizuri ikawa mboji, isiyo na harufu ya zizi.

Tena usizidishe. Naitrojeni nyingi hufanya majani kuwa makubwa na malaini, lakini mmea ulioshiba sana hauhangaiki kutengeneza rangi. Vidukari nao wanaujua mmea kama huo kuliko unavyoujua wewe.

Huna kiwanja? Beseni, kreti au ndoo iliyotobolewa inatosha. Kwa majani machanga kina cha sentimita 15 kinafaa. Kwa chainizi na tatsoi za kukomaa weka 20 hadi 25. Ila usiweke dirishani nyuma ya kioo ukategemea zambarau. Kioo huzuia sehemu ya mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua, na mionzi hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyousukuma mmea ujipake rangi. Majani ya dirishani huwa matamu, lakini ya kijani.

Hatua ya 4: Kusia mbegu

Sia moja kwa moja bustanini. Miche ya kitaluni ina faida kwa chainizi na tatsoi unazotaka zikomae moja moja, lakini kwa saladi ya majani machanga ni kujitafutia kazi, na mshtuko wa kuhamishwa huweza kuharakisha maua.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo limenipa faida kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua. Chora mfereji wenye kina cha sentimita 1 kwa ncha ya kijiti. Kabla ya kuweka mbegu, mimina maji taratibu ndani ya mfereji mpaka udongo wake uwe mweusi. Yakishanywea, weka mbegu juu ya udongo ule wa majimaji, kisha funika kwa udongo mkavu, au mboji iliyochekechwa, usiozidi nusu sentimita hadi sentimita moja. Gandamiza kidogo kwa kiganja. Usimwagilie juu. Mbegu imelala kwenye unyevu, na blanketi lake kavu halifanyi ganda gumu. Ukimwagilia juu ya udongo wa mfinyanzi jua likiwa kali, kesho yake utakuta ukoko, na miche inajikunja chini yake kama watu waliofungiwa mlango.

Kwa majani machanga, acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mistari na mbegu moja kila sentimita 1 au 2 ndani ya mstari. Kwa mimea ya kukomaa, baadaye punguza miche ibaki kila sentimita 20 kwa tatsoi na mizuna, 25 hadi 30 kwa haradali pana. Miche unayoing'oa ni chakula, usiitupe.

Panda kila aina kwenye mstari wake. Najua pakiti ya mchanganyiko inavutia, lakini mizuna hukimbia na wengine hutembea. Baada ya wiki tatu utakuwa na mizuna nyingi na haradali chache zinazochungulia chini yake, zikiwa zimepauka kwa kukosa jua. Changanya kwenye bakuli, si kwenye udongo.

Jambo lingine ni kiasi. Gramu moja ya mbegu hizi ina mbegu mia kadhaa, na mtu mgeni humwaga pakiti yote siku moja. Mwezi unaofuata anagawa saladi kwa majirani, na mwezi baada ya huo hana hata jani. Sia mita moja au mbili za mstari kila baada ya siku 10 hadi 14. Mbegu zinazobaki zifunge vizuri mahali pakavu penye ubaridi. Mbegu za jamii ya kabichi hudumu kama miaka 4.

Ikiwa udongo una joto la nyuzi 15 hadi 25, utaona miche ndani ya siku 3 hadi 7. Majani ya mwanzo ni mawili yenye umbo la moyo, na yote yanafanana. Usihangaike kutofautisha, jani la tatu ndilo litakalokuambia nani ni nani.

Shiso ina masharti yake: loweka mbegu usiku mmoja, zitawanye juu ya udongo bila kuzifunika maana zinataka mwanga ili zichipue, kisha uwe na subira ya wiki mbili hadi tatu. Na kama unafuga, mabaki yake yasiende kwa ng'ombe wala farasi, kwani yana sumu inayodhuru mapafu yao.

Hatua ya 5: Maji

Hesabu ya kawaida ni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, zigawanywe mara tatu au nne. Kukiwa na joto au upepo, ongeza. Usiache tuta likauke kabisa halafu ulifurikishe. Kila mara mmea unapokauka, ladha huwa kali zaidi na wazo la kutoa maua hukaribia.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo si kwenye majani, na uwe na uhakika na maji yako. Jani litakaloliwa bichi halipaswi kumwagiliwa maji ya mfereji usioujua. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari miche ikifika sentimita 5. Hupunguza kazi ya kumwagilia na huzuia matope kurukia majani, jambo utakalolishukuru wakati wa kuosha.

Tuta likikaa majimaji miche ikiwa imesongamana, utaona ugonjwa wa kinyausi: shina hunyong'onyea pale linapokutana na udongo na mche huanguka chali. Haukomi kwa dawa ya nyumbani. Punguza maji, punguza miche, acha hewa ipite.

Hatua ya 6: Wadudu, hasa yule anayeruka

Utaamka asubuhi uone majani ya mizuna yana matundu madogo madogo ya mviringo, mithili ya jani lililopigwa marisau. Pitisha mkono juu ya mstari na utaona vidoa vyeusi vinavyong'aa vikiruka kama viroboto. Ni vimbawakawa wa jamii ya *Phyllotreta*, wenye ukubwa wa milimita 2 hivi, na ndio wanaowakatisha watu wengi tamaa na mboga hizi. Mche ukiwa na majani mawili tu, siku mbili za wadudu hawa zinatosha kuumaliza. Ukishafika majani sita, unaweza kuishi nao; ni sura tu inayoharibika.

Dawa yake hasa ni chandarua chenye matundu yasiyozidi milimita 0.8, kilichowekwa siku ileile ya kusia, juu ya vijiti vilivyopindwa, kingo zake zikafukiwa kwenye udongo pande zote. Ukingoja uone matundu ndipo utafute chandarua, umechelewa.

Lakini kuna kosa moja ambalo mimi mwenyewe nimelifanya. Nilifunika vizuri tuta ambalo msimu uliotangulia lilikuwa na kabichi. Baada ya wiki mbili, chini ya chandarua kulikuwa na wadudu wengi kuliko nje. Mabuu yao hukulia kwenye udongo, kwenye mizizi ya jamii ya kabichi, hivyo nilikuwa nimewafungia ndani pamoja na chakula chao. Chandarua kina maana kama tuta halijabeba mmea wa ukoo huo msimu uliopita. Hapo ndipo mzunguko wa mazao unapoacha kuwa nadharia.

Vimbawakawa hawa hupenda joto na ukavu. Tuta lenye unyevu na miche inayokua haraka huwashinda kwa mbio. Ukiwa huna chandarua, panda shungiku na mchicha, wao hawaguswi nao.

Kiwavi wa nondo mgongo-almasi ni mdogo, wa kijani, na ukimgusa hujirusha na kuning'inia kwa uzi. Hula upande wa chini wa jani na kuacha ngozi ya juu kama kidirisha. Waokote; wakizidi, tumia dawa ya bakteria ya *Bacillus thuringiensis*, na uipulize jioni kwa sababu jua huiharibu. Vidukari huondoka kwa maji yenye msukumo. Makoa na konokono wawindwe usiku kwa tochi, hakuna ujanja unaopita huo.

Ukikuta mimea inanyauka mchana ilhali udongo una maji, ng'oa mmoja utazame mizizi. Mizizi iliyovimba kama vidole vyenye ugonjwa ni ishara ya kimelea *Plasmodiophora brassicae*, anayeweza kukaa kwenye udongo zaidi ya miaka 10. Weka chokaa kupandisha pH ipite 7, na sehemu hiyo usipande jamii ya kabichi kwa miaka mingi. Usibebe udongo wake kwenye viatu kwenda tuta lingine.

Hatua ya 7: Kuipa rangi, kisha kukata

Siku 7 hadi 10 kabla ya kukata, acha kabisa kuweka mbolea. Ondoa neti ya kivuli kama ulikuwa nayo, ila chandarua cha wadudu kibaki. Maji yaendelee kama kawaida, maana ulaini unautoa huko. Jua na usiku wa nyuzi 10 hadi 15 vikiwapo, utaona haradali ikibadilika siku hadi siku, kuanzia kingo za jani na kuingia ndani.

Majani machanga huwa tayari siku ya 21 hadi 30, yakiwa na urefu wa sentimita 8 hadi 12. Kata asubuhi, umande ukiwa umeondoka lakini jua halijapanda. Tazama chini ya mmea: katikati kuna moyo, yale majani madogo sana yaliyokunjamana. Shika fungu la majani kwa mkono mmoja, ukate kwa mkasi mkali sentimita 2 hadi 3 juu ya udongo, juu ya moyo huo. Ukiukata moyo, mmea umekwisha. Ukiuacha, baada ya siku 10 hadi 14 utavuna tena, na kwa kawaida utapata mavuno mawili au matatu kabla majani hayajawa magumu. Ukishakata, mwagilia na uupe mmea chai ya mboji (maji yaliyolowekewa mboji) kidogo kwenye udongo.

Kwa mimea uliyoiacha ikue, chuma majani ya nje mawili matatu kwa kila mmea na uache ya ndani. Haradali iliyoachwa hadi siku ya 45 hufikisha jani refu kama mkono kutoka kiwiko, lakini hilo si la saladi tena. Lina ukali wa kutoa machozi.

Ukali huo una maelezo yake. Jani zima halina muwasho. Lina kemikali iitwayo glukosinolati upande mmoja na kimeng'enya chake upande mwingine. Ukilitafuna au kulikata, vinakutana na kuzaa mafuta makali, ndugu wa yale ya wasabi. Ndiyo maana haradali iliyokatwakatwa ndogo huwasha kuliko iliyowekwa nzima, na iliyopitishwa kwenye mvuke hupoa, kwa kuwa joto huua kimeng'enya. Ukiona bakuli lako limekuwa kali, usikate majani. Yachane makubwa makubwa, au ongeza mizuna na tatsoi.

Hatua ya 8: Joto likija

Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua itakupa wiki mbili au tatu za ziada. Lakini hapo umechagua ulaini na kuiacha rangi, hakuna njia ya katikati. Mimi joto likizidi huacha kupigana na haradali, hupanda mchicha mwekundu kwenye tuta lilelile. Betalaini zake hazingoji usiku wa baridi: jani la mchicha hubaki na moyo wa waridi hata kwenye nyuzi 32. Mbegu zake ni ndogo mno, zifunikwe kwa udongo mwembamba kama zimenyunyiziwa chumvi tu, na zikatwe zikiwa na urefu wa kidole. Nderema yenyewe inahitaji mti au uzi wa kupandia, na kwa saladi chukua ncha zake laini. Mchicha na nderema vina oksalati, hivyo mwenye historia ya mawe kwenye figo asivile vibichi kwa wingi.

Na kwa kuwa hawa wawili si jamii ya kabichi, tuta linapumzika huku linazaa.

Hatua ya 9: Maua, na mbegu zako mwenyewe

Siku moja utakuta mizuna imerefuka usiku kucha na kutoa kikonyo chenye vichwa vya kijani. Usikasirike. Kivunje kikonyo kabla maua hayajafunguka, ni kitamu kuliko majani. Maua yenyewe, manjano yenye petali nne zilizopangwa msalaba, yanalika pia na yanapendeza juu ya zambarau. Maua ya shungiku vilevile, ila chukua petali tu. Kitovu chake ni kichungu.

Ukitaka mbegu, hapa ndipo spishi zile mbili za mwanzo zinaporudi. Mizuna, mibuna, komatsuna, tatsoi na chainizi ni spishi moja, zinategemea wadudu wa uchavushaji, na zitazaliana bila kukuuliza. Acha mizuna na tatsoi zitoe maua pamoja, na mwakani utapata kitu ambacho si hiki wala kile. Acha aina moja tu ya kundi hilo itoe maua, na uiache mimea isiyopungua kumi, maana mmoja peke yake haujichavushi vizuri. Haradali ni rahisi zaidi kwa kuwa hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Mbegu za F1 (chotara wa kizazi cha kwanza) usizihifadhi, watoto hawatafanana na mama.

Maganda ya mbegu yakigeuka rangi ya majani makavu, kata mashina yote, yaweke kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, uyaning'inize mahali penye hewa. Baada ya wiki mbili yapige kidogo, mbegu zitadondoka. Zitakazokutoroka na kuanguka tutani zitaota zenyewe msimu ukifika, na mara nyingi zinapatia wakati kuliko mimi.

Kutoka tutani hadi bakulini

Tumbukiza majani kwenye beseni la maji baridi mara tu ukishakata, yakoroge kwa mkono, uyainue juu na kuacha mchanga chini. Rudia mpaka beseni libaki safi. Yakaushe vizuri kwa taulo, kwani jani lenye maji huoza haraka na halishiki mafuta. Kwenye friji, ndani ya chombo chenye kitambaa kikavu, yatakaa siku 5 hadi 7.

Ndimu au siki iwekwe dakika ya mwisho. Asidi hulegeza majani machanga upesi, lakini pia hufanya jambo la kupendeza: anthosianini ikikutana na asidi hugeuka waridi. Kamua ndimu juu ya haradali ya zambarau, subiri kidogo, utazame matone yaliyokusanyika chini ya bakuli.